Mgeni wa Chai Tupu

Kituo cha mabasi cha Columbus kilikuwa kimefurika. Ilikuwa mkesha wa Sikukuu ya Shukrani, viti vimekwisha, watu wamekalia mabegi yao, na mashine ya soda imezungukwa kama bomba la maji wakati wa kiangazi. Jeptoo alisimama karibu na mlango namba nne akisubiri basi la kumrudisha nyumbani Louisville. Alikuwa amevaa koti la rangi ya haradali lililofungwa vifungo vyote, na buti mpya za ngozi laini. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye haya kiasi kwamba angekubali basi limwache kuliko kumgusa mtu bega na kumwambia "naomba nipite."

Ghafla alihisi baridi kwenye vidole. Akatazama chini. Buti yake ya kulia ilikuwa imesimama katikati ya kidimbwi cheupe.

"Mama yangu eeh! Maziwa!"

Aliyepiga kelele alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye jaketi la kazini la kijani lililoshonwa jina kifuani: Gatera. Begi lake la michezo lilikuwa linatiririka upande mmoja. Alipiga magoti pale pale mbele za watu, akavua skafu yake na kuanza kuipangusa ile buti.

"Dada, unisamehe sana. Nilimwambia binamu yangu akaze mfuniko wa dumu, akasema amekaza. Donc, yule njo wa kulaumiwa."

"Maziwa ya kwenda wapi?" Jeptoo aliuliza, akajishangaa mwenyewe kwa kumjibu mtu asiyemjua.

"Buffalo. Dada yangu Rakeli hataki ya dukani, anasema yamekufa. Kuna mkulima hapa nje ya Columbus, ng'ombe wake unawaona kwa macho."

"Yamelala siku ngapi?"

"Mbili."

"Hayo bado. Kwetu tungeyaacha wiki nzima kwanza."

Gatera aliacha kupangusa. Akainua uso, macho yamemtoka. "Weye ni mtu wa ng'ombe?"

"Mkalenjin. Wa Eldoret, kabla ya Louisville."

"Mimi Mnyamulenge, wa milima ya Kongo. Bon, basi nimemwaga maziwa mbele ya mtu anayejua maana yake. Hiyo ni kesi mbili!"

Jeptoo alicheka mpaka akaziba mdomo kwa glavu. Basi la Louisville lilipotangazwa, walikuwa wameshapeana namba. Hata basi halijamaliza kutoka mjini, simu yake ikalia kidogo mkononi. Ujumbe ulisema: "Buti inaendeleaje? Mwambie mgonjwa nitakuja kumtazama."

Alikuja kweli. Louisville na Buffalo ziko mbali, kwa hiyo Columbus ikawa katikati yao. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Jeptoo aliendesha gari kwenda kwa rafiki yake Nafula kule Gahanna, pembezoni mwa Columbus, na Gatera aliteremka kutoka kaskazini na kufikia kwa binamu yake, mtaa wa Linden. Walikutana mezani kwa Nafula. Gatera alikula ugali kama mtu aliyelima tangu alfajiri, akasifia kila tonge, na Nafula alikuwa akinong'ona jikoni, "Huyu akikuoa, nunua sufuria ya shule."

Siku zingine zote walikuwa na simu. Jeptoo alifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha rangi huko Jeffersontown, na kila alipovua koti lake jeupe jioni, simu ililia.

"Mrembo wa Kentucky, leo umechanganya rangi gani?"

"Kijivu."

"Tena? Hao watu hawana furaha?"

"Na wewe umetengeneza nini?"

"Ile mashine ya kukunja maboksi. Leo imenikunja mimi."

Mwaka ukapita, na miezi mitano juu yake. Jeptoo alikuwa amempenda kijana huyu kwa utulivu, kama anavyofanya mambo yake yote, lakini kuna jambo moja lilimkaa moyoni na hakuthubutu kulisema. Gatera hakuwahi kutamka neno ndoa. Aliongea habari za theluji, za kwaya, za Rakeli na kazi yake ya usiku katika nyumba ya kutunza wazee. Habari za kesho yao alizizunguka.

Nyumbani nako kulikuwa na baba. Kanisani wote walimwita Baba Kibet, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuja Marekani kusoma uhandisi, na sasa alikuwa mkaguzi wa majengo, mtu wa kugonga ukuta kabla ya kuuamini. Alikuwa ameshasikia habari za Gatera kwa mkewe.

"Mimi sitaki picha zake," alimwambia Jeptoo. "Mlete tule naye. Nikishakula na mtu meza moja, nitakuambia kama nimemkubali au la."

Nafasi ilipatikana mahali ambapo hakuna aliyepategemea. Kibet, kaka yake Jeptoo, alikuwa anafundisha fizikia katika mji wa Suzhou, China, na familia ilikuwa imepanga kwa muda mrefu kwenda kumwona mwezi wa Aprili. Zile mashine za maboksi za kiwanda cha Gatera nazo zilitoka mji huo huo, na mafundi walikuwa wakipelekwa huko kwa zamu kujifunza.

"Nimebadilishana zamu na Yonasi, fundi mwenzangu," Gatera alisema kwenye simu. "Yeye anaenda Septemba. Mimi Aprili, wiki yenu ile ile."

"Umefanya hivyo kwa ajili ya mashine?"

"Mashine gani tena, mpenzi? Mashine zingeningoja hata mwaka ujao."

Jeptoo alilala na simu kifuani usiku huo.

Kijiji ambacho Kibet aliwachagulia kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kutoka Suzhou. Barabara zake zilikuwa maji. Nyumba nyeupe za vigae vyeusi zilisimama ukingoni kabisa, ngazi za mawe zikishuka kutoka mlangoni hadi kwenye mfereji, na kina mama wawili walikuwa wamechutama kwenye ngazi hizo wakiosha mboga. Taa za karatasi nyekundu zilining'inia juu ya vichochoro. Wasichana wa mjini, waliokodi mavazi ya kale ya hariri, walipiga picha wakishika miavuli ambayo haikuwa na kazi, kwa kuwa jua lilikuwa linawaka vizuri.

Jeptoo alikuwa amevaa gauni la kitenge cha bluu lenye mikono mifupi, na Gatera shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Alipomwona Baba Kibet aliinama kidogo, akaupokea mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, kijana," mzee alisema, akimpima kutoka viatu hadi nywele.

Asubuhi ilikwenda vizuri kuliko Jeptoo alivyoomba. Baba Kibet aligonga daraja la kwanza kwa fundo la kidole, akachungulia chini ya tao lake, akasema, "Hakuna hata saruji. Mawe yameegemeana tu."

"Baba, jiwe lile la juu katikati," Gatera alisema, "ukilitoa hilo, yote yanakuja chini."

"Umejuaje?"

"Mashine pia iko hivyo. Kuna kipande kimoja kidogo kinabeba wenzake."

Mzee alimtazama tena, safari hii kwa jicho laini. Wakapanda mashua iliyoendeshwa na mama mmoja mwenye kofia ya majani, aliyesimama nyuma akisukuma kasia moja refu huku akiimba. Mama Kibet, ambaye hakuwahi kukaa kimya mbele ya wimbo, alimwitikia kwa pambio la kanisani. Yule mama akacheka, akaimba kwa nguvu zaidi, na watu juu ya daraja wakawapigia makofi wote wawili. Gatera alimtazama Jeptoo kando ya bega la Mama Kibet, akamkonyeza.

"Acha," Jeptoo alisema bila sauti. Lakini alikuwa anang'aa.

Saa sita na nusu Kibet aliwapeleka kwenye mkahawa uliokuwa juu ya maji, madirisha wazi. Aliagiza paja zima la nguruwe lililopikwa taratibu katika mchuzi mtamu mpaka likawa jekundu, linatetemeka likiguswa. Baba Kibet mwenyewe alikata kipande kinono, akakiweka kwenye sahani ya Gatera. Kwa mzee huyo, heshima kubwa kuliko hiyo haikuwapo.

"Karibu, kijana."

"Asante sana, Baba. Mimi chai inanitosha."

Jeptoo alidhani hakusikia vizuri.

"Labda watu wa kanisa lao hawali nguruwe," Mama Kibet alisema kwa upole. "Kibet, agiza samaki."

Samaki akaja, mzima, amepambwa vitunguu. Gatera alishukuru, akanywa chai. Akaja bata. Akaja tambi. Akaja mizizi ya yungiyungi iliyojazwa wali mtamu. Gatera alishukuru kila sahani kwa kichwa, akajazwa kikombe cha nne cha chai, na jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo.

"Kula basi," Jeptoo alimnong'oneza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Umekuja na treni ya alfajiri!"

"Taratibu, mpenzi. Niko sawa."

Baba Kibet aliweka vijiti vyake chini, kimoja baada ya kingine. Akageuka kwa mkewe na kusema jambo kwa Kikalenjin, kwa sauti ya chini, na Jeptoo alilielewa lote: kijana ambaye hawezi kumeza chakula chao leo hataweza kuwameza wao kesho. Chakula kilichobaki kilipoa. Mto wa mazungumzo uliokuwa ukitiririka tangu asubuhi ulikauka, wakabaki kusikiliza makasia nje.

Walipotoka, Jeptoo alimvuta Gatera mpaka nyuma ya daraja.

"Umeniaibisha."

"Mimi? Mimi nimemheshimu baba yako kuliko mtu yeyote."

"Kwa kumwachia sahani? Gahanna unafuta sufuria kwa kidole! Kwetu hapa ndipo unaposhindwa kumeza?"

"Jeptoo, si hivyo."

"Ni vipi?"

Gatera alitazama maji, akatazama viatu vyake. "Bon. Kuna mambo si mimi wa kuyasema. Utayasikia siku yake ikifika."

"Siku gani? Mwaka mzima na nusu nangoja hiyo siku yako!" Sauti ilimtetemeka, na macho yakamjaa. "Mlango wa kutokea ni ule kule. Rudi Suzhou. Nitawaambia umeitwa kazini."

Gatera alisimama kidogo kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha akatikisa kichwa polepole, akageuka, na shati lile jeupe likapotea katikati ya miavuli.

Jeptoo alikaa kwenye ngazi za mawe. Wazazi walikuwa wameingia duka la vitambaa na Kibet. Alilia kidogo, akapangusa uso, na halafu ile roho yake ya huruma, ambayo haikuweza kumkasirikia mtu kwa zaidi ya robo saa, ikaanza kumsumbua. Je, kama ni mgonjwa? Je, kama ni tumbo, na aliona haya kusema? Akampigia Rakeli, ambaye saa hizo Buffalo alikuwa zamu, macho makavu.

"Wifi! China iko namna gani?"

"Dada Rakeli, Gatera ana vidonda vya tumbo?"

"Gatera? Yule tumbo lake ni la trakta. Kwa nini?"

"Amekataa chakula cha baba. Kila kitu. Amekunywa chai tupu."

Rakeli alitoa kicheko kikubwa, akakumbuka wazee waliolala, akakikata katikati.

"Hakula mbele ya baba yako?"

"Hata tambi."

"Na mbele ya mama yako?"

"Hata punje."

"Eeeh, Jeptoo! Donc hukuniambia kama mambo yamefika huko!" Alikuwa anahema kwa furaha. "Sikia, wifi. Sisi kule milimani, mwanamume hali mbele ya wazazi wa mwanamke anayetaka kumwoa. Ni aibu kubwa, kufungua mdomo na kutafuna mbele ya baba mkwe. Wengi hapa Amerika wameiacha, lakini Gatera alilelewa na bibi. Kama ungekuwa rafiki tu, yule angekula mpaka meza."

Jeptoo aliinuka kwenye ngazi.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia namna gani? Kwetu kijana hajisemei. Baba mdogo Ruberwa amepangwa kumpigia mzee wako simu mwezi wa tano. Amefanya mazoezi hata ya Kiswahili cha Kenya, maskini. Sasa na wewe umemfanya nini ndugu yangu?"

"Nimemfukuza."

"Basi mbona bado uko na mimi kwenye simu?"

Jeptoo, ambaye hakuwahi kumgusa mtu bega, alikimbia. Aliwasukuma wasichana wa miavuli, akasema samahani kwa lugha tatu, akavuka daraja moja, akavuka la pili. Mwisho, katika kichochoro chembamba karibu na mlango wa kijiji, alikiona kile alichokitafuta. Gatera alikuwa amechutama kando ya jiko la mama muuzaji, mashavu yamejaa pande zote mbili, anakula wali uliofungwa kwenye majani. Majani matatu matupu yalikuwa miguuni. Muuzaji alikuwa anamsukumia la nne na kumpigapiga mgongoni.

Alipomwona Jeptoo alijaribu kusimama na kumeza kwa wakati mmoja, akashindwa yote mawili.

"Nimeongea na Rakeli," Jeptoo alisema, akihema.

Gatera alifumba macho.

"Kwa hiyo umemwambia baba yangu kwamba unanioa, umemwambia na mama, umemwambia bata na samaki. Mimi peke yangu ndiye sijui!"

"Mm-mm," alisema Gatera, akionyesha mdomo wake.

"Meza, nakusubiri."

"Kumbe ni kweli!"

Hiyo haikuwa sauti ya Gatera. Baba Kibet alikuwa amesimama nyuma yao, mikono mgongoni, alivyosimama siku zote mbele ya jengo lenye ufa. Mkewe alikuwa amemtuma kumtafuta binti. "Chakula changu hukukitaka. Cha kichochoroni kinapita."

Gatera aliuficha wali nyuma ya mgongo. Uso ulimwiva. Hakuweza kutafuna mbele ya mzee, hakuweza kutema, na hakuweza kusema. Jeptoo alimtazama hivyo alivyo, mashavu yametuna, machozi ya aibu yanamlengalenga, akajua kwamba hakuna mtu mwingine duniani wa kuongea isipokuwa yeye. Binti wa Kikalenjin hazungumzi na baba yake mambo kama haya. Kuna mama, kuna shangazi, kuna wazee wa kanisa.

"Baba," alisema. "Kwao mtu hali mbele ya baba mkwe."

"Mkwe wa nani?"

"Wako."

"Nani amesema?"

"Chai imesema, Baba. Vikombe vinne." Alimeza mate. "Hakukidharau chakula chako. Alikuwa na njaa tangu alfajiri, na alikaa mbele ya paja lile saa nzima kwa sababu yako. Rakeli, dada yake, amenieleza. Mzee wao mmoja alikuwa akupigie simu mwezi ujao, ndio utaratibu wao. Mimi mwenyewe nimejua sasa hivi."

Baba Kibet alimtazama binti yake kana kwamba ndio kwanza anaisikia sauti yake. Kisha akamtazama Gatera, yale mashavu, ule mkono uliofichwa. Kidevu chake kikaanza kucheza. Alijikaza, akakohoa, na hatimaye kicheko kikamtoka puani.

"Saa nzima? Mbele ya nyama ile?"

Gatera aliitikia kwa kichwa.

"Mimi nisingeweza," mzee alisema. "Nilipomwoa Mama Kibet nilikula mpaka shangazi zake wakanong'ona." Akamgeukia Jeptoo. "Na wewe umemkubali?"

"Hajaniuliza, Baba."

"Hajakuuliza! Anaanzia kwangu?" Alitikisa kichwa. "Basi huyo mzee wao apige simu, nitamsikiliza vizuri, na tutaongea. Tutaongea na habari za hiyo theluji ya Buffalo pia. Lakini kijana, mambo mengine hayangoji simu." Akageuka, akawapa mgongo, akasogea hatua mbili hadi ukingoni na kukaza macho kwenye mfereji. "Mimi sasa natazama maji. Sioni kitu."

Gatera alimeza. Ilichukua muda, na yule muuzaji, ambaye hakujua neno hata moja lakini alielewa yote, alimpa maji ya kusukumia. Kisha akamshika Jeptoo vidole kwa mkono ule usio na wali.

"Jeptoo. Sikupanga iwe namna hii. Niko na majani kwenye meno."

"Naona."

"Nataka kuzeeka na weye. Buffalo, Louisville, popote utakaposema. Utakubali?"

Jeptoo aliinamisha kichwa. Ile haya yake yote, iliyokuwa imekwenda mahali, ilimrudia mara moja. Alisema neno dogo sana, ambalo Gatera alilisikia kwa sababu alikuwa karibu.

"Sijasikia jibu," alisema Baba Kibet kwa mfereji.

"Nimekubali, Baba!"

"Haya. Sasa amalize kula. Sitaki mkwe aanguke njiani, mama yako atanilaumu mimi."

"Baba, tunaweza kwenda tu."

"Amalize, nimesema."

Akabaki pale, mkaguzi wa majengo wa Louisville, amegeukia maji, mikono mgongoni. Watalii walimzunguka kwa adabu, wakatazama upande aliokuwa anautazama, wasione kitu. Nyuma yake Gatera alichutama tena, Jeptoo akachutama kando yake, akamfungulia jani la nne, wakala kimya kimya, wakigawana.

"Bado?" mzee aliuliza baada ya kitambo.

"Bado moja, Baba," alijibu Jeptoo.

"Hakuna haraka," akasema, na hakugeuka.